Kupimiwa fimbo za gofu, na jinsi ya kumtambua fundi anayejua kazi

Wachezaji wengi huanza na seti ya mtumba, ya kuachiwa na mjomba au ya kununua kwa mwanachama anayebadilisha zake. Hakuna ubaya. Ubaya huanza pale mtu anapozoea kuinama kupita kiasi, au kushika gripu, yaani mshiko wa fimbo, chini kabisa, kwa sababu fimbo haimkai, kisha anamlipa mwalimu miezi sita amrekebishie mgongo. Tatizo haliko mgongoni. Liko kwenye inchi moja ya shafti, yaani mti wa fimbo.

Kupimiwa aironi, zile fimbo za chuma zenye namba, peke yake huchukua kama saa moja. Mkoba mzima, kuanzia draiva ya mapigo marefu hadi puta ya kusukumia mpira shimoni, huchukua saa mbili na nusu hadi tatu. Si lazima uishie kununua seti mpya. Mara nyingi kazi huishia kwenye kukunja aironi digrii mbili, kubadilisha gripu na kuachana na fimbo moja au mbili zisizokufaa.

Wapo wa kusubiri. Anayejifunza ndiyo kwanza, ambaye mpira mmoja unaruka na wa pili unabiringika, hana mkwaju wa kupimwa bado. Huyo anahitaji tu urefu unaomfaa, uzito usiomchosha na gripu ya saizi yake. Aliye katikati ya kubadilisha swingi, yaani mzungusho wa fimbo, na mwalimu wake naye angoje itulie, la sivyo atapimiwa swingi ambayo mwezi ujao hataitumia.

Nyumbani, kabla ya kwenda

Vaa viatu vyako vya gofu, simama wima, acha mikono ining'inie. Mtu mwingine apime kutoka mkunjo wa kifundo cha mkono hadi sakafuni, mikono yote miwili. Usijipime mwenyewe, kwa maana ukiinama tu kusoma futi, kipimo kimeharibika. Majedwali ya kampuni hayafanani kabisa, lakini kwa kawaida sentimita 86 hadi 92 huangukia kwenye urefu wa kawaida wa kiwandani, yaani inchi 37 hivi kwa aironi namba 7. Zikipungua, fimbo hufupishwa. Zikizidi, hurefushwa, kwa robo au nusu inchi. Kimo peke yake hakitoshi. Watu wawili wa sentimita 178 wanaweza kutofautiana urefu wa mikono kwa sentimita 5, na fimbo inashikwa kwa mikono.

Halafu gripu. Shika fimbo kwa mkono wa juu peke yake, kama unavyoshika kawaida. Vidole vya kati viguse kidogo tu nyama ya kiganja iliyo chini ya kidole gumba. Vikizama kwenye nyama, gripu ni nyembamba. Pakibaki nafasi, ni nene.

Andika pia umbali halisi wa kila fimbo kwa raundi zako za karibuni: mpira ulipoangukia, bila kuhesabu ulikobiringikia. Andika na makosa yako mawili makubwa. "Draiva inakwenda kulia" ni taarifa. "Nataka mita zaidi" si taarifa, kila mtu anazitaka.

Siku yenyewe beba fimbo zako zote, glavu, viatu, na mipira sita ya aina unayochezea. Mipira ya uwanja wa mazoezi mara nyingi ni mizito kuanza mwendo, imechakaa, na inaruka kwa umbali mfupi. Ukipimwa kwa hiyo, mashine itasoma mpira na si fimbo. Piga mswaki mifereji ya uso wa fimbo zako. Zikiwa na udongo na zile mpya zinang'aa, shindano halina haki tangu mwanzo.

Hatua ya kwanza: fimbo zako mwenyewe

Baada ya kupasha mwili moto, piga mipira 8 hadi 10 kwa aironi yako namba 7. Hiyo ndiyo mizani ya kila kitu kitakachofuata. Fundi anayekupa fimbo mpya mkononi kabla hujapiga yako hana cha kulinganishia, na huenda hataki kuwa nacho.

Mashine za kupimia ni za aina mbili. Za rada, kama TrackMan ya Denmark na FlightScope ya Afrika Kusini, huufuata mpira ukiruka. Za kamera, kama GCQuad ya Foresight, hupiga picha wakati fimbo inakutana na mpira na kukokotoa kilichobaki. Zote ni nzuri zikiwekwa sawa. Ndani ya chumba chenye wavu karibu, kamera ina nafuu kwa kuwa rada inahitaji kuuona mpira ukisafiri.

Namba hazihitaji kukutisha. Tano zinatosha: kasi ya fimbo, kasi ya mpira, pembe ya mpira kuondokea, spini (mpira unavyojizungusha), na pembe ya mpira kutua. Gawanya kasi ya mpira kwa kasi ya fimbo. Kwa draiva, jibu likikaribia 1.50 umepiga katikati. Kwa aironi namba 7 tarajia 1.33 hadi 1.38. Ukipata 1.40 kwenye draiva, usikimbilie shafti ya gharama. Kwanza angalia mpira unagusa wapi kwenye uso.

Hatua ya pili: urefu, na alama ya mpira usoni

Paka uso wa fimbo poda ya miguu ya kupuliza, au ubandike karatasi maalumu ya alama, kisha piga mipira mitano. Alama zikikusanyika upande wa ncha, ulio mbali na shafti, fimbo inaweza kuwa fupi kwako. Zikienda kisiginoni, karibu na shafti, inaweza kuwa ndefu. "Inaweza", kwa sababu mtu anayejirusha mbele wakati wa kupiga ataacha alama kisiginoni hata na fimbo sahihi. Ndiyo maana hubadilishwa kitu kimoja kwa wakati mmoja. Ukibadilisha urefu na shafti pamoja, hutajua kipi kilisaidia.

Draiva ndizo zinazodanganya zaidi hapa. Za dukani leo huwa inchi 45.5 au zaidi, kwa sababu urefu huongeza kasi kidogo na kasi huuza. Ukiikata nusu inchi, kasi hupungua kidogo mno, lakini alama husogea katikati, na mpira unaopigwa katikati huruka mbali kuliko unaopigwa kwa kasi na ncha. Fundi asisahau kuongeza uzito kichwani baada ya kukata. Nusu inchi huondoa kama pointi 3 za ule uzito wa kichwa unaousikia mkononi ukizungusha fimbo, ambao huandikwa D0, D2 na kadhalika, na gramu 2 kichwani hurudisha pointi moja.

Hapa pana neno kwa wazazi. Fimbo ya mtu mzima iliyokatwa kwa msumeno haiwi fimbo ya mtoto. Shafti ikifupishwa huwa ngumu zaidi, na kichwa kinabaki kizito vile vile kwa mikono ya miaka tisa. Mtoto hujifunza kuirusha fimbo kwa mwili mzima ili inyanyuke, na tabia hiyo ni kazi kuiondoa.

Hatua ya tatu: lai, pembe kati ya shafti na ardhi

Kama una fedha ya kupimiwa kitu kimoja tu, pimiwa hiki. Chukua kalamu ya ubao mweupe, chora mstari mnene kwenye mpira, uweke mpira chini mstari ukiwa wima na ukitazama uso wa fimbo. Piga. Wino huhamia usoni. Shika fimbo uutazame:

- Mstari ukisimama wima dhidi ya mifereji, lai yako ni sahihi.
- Kichwa cha mstari kikiinamia upande wa ncha, fimbo imesimama mno. Wakati wa kupiga ncha ilikuwa juu, na kwa anayepiga mkono wa kulia mpira huelekea kushoto.
- Kikiinamia upande wa kisigino, fimbo imelala mno, na mpira huelekea kulia.

Digrii moja kwenye aironi ya kati huhamisha mpira kama mita 3 au 4. Kadiri lofti, yaani mlalo wa uso unaoinua mpira, inavyokuwa kubwa ndivyo kosa linavyokua, kwa hiyo weji (fimbo za mapigo mafupi) zisizopimwa ndizo zinazokosa grini, ile nyasi fupi yenye shimo, kwa upande ule ule kila wakati huku mwenyewe akilaumu mikono yake.

Rudia kwa mipira mitano, si mmoja. Njia ya zamani ya kupiga juu ya ubao mgumu ukiwa na utepe chini ya fimbo bado inafanya kazi, ila watu wengine hubadilisha mkwaju wakiogopa ubao, na wino wa mpirani hauna tatizo hilo.

Kukunja kuna mipaka. Aironi za chuma kilichofuliwa hukunjika bila shida. Za kumiminwa kwenye kalibu ni ngumu na zinaweza kupasuka shingoni, hivyo digrii 2 ni kiwango cha tahadhari. Anayeinua nyundo au kubana fimbo kwenye jiliwa la gereji mnyang'anye fimbo yako. Kazi hii ina mashine yake yenye kishikio cha kichwa na geji ya kusoma digrii.

Wanunuzi wa mtumba wana msaada mmoja wa bure: aironi za Ping zina kitone cha rangi kwenye kichwa. Cheusi ni lai ya kawaida. Bluu, kijani na cheupe zimesimama zaidi. Nyekundu na chungwa zimelala. Usinunue Ping ya kitone cheupe kwa sababu bei ni nzuri na wewe una sentimita 165.

Hatua ya nne: shafti

Anza na uzito, kisha ugumu. Shafti za chuma za aironi huwa kati ya gramu 90 na 130, na za grafaiti nyingi ni nyepesi kuliko hapo. Uzito ukizidi, swingi huchelewa na mpira wa shimo la 15 haufanani na wa shimo la 2. Ukipungua mno, mikono hukimbia na mipira hutawanyika kushoto na kulia.

Ugumu huandikwa kwa herufi, L, A, R, S na X, kuanzia laini hadi ngumu. Herufi hizo hazina kipimo cha pamoja duniani. R ya kampuni moja inaweza kuwa ngumu kuliko S ya nyingine. Kwa makadirio tu, anayezungusha draiva maili 75 hadi 90 kwa saa huanza kujaribu na R, na wa 95 kwenda juu huanza na S. Baada ya hapo herufi huwekwa kando na macho huenda kwenye mashine. Wanaume wengi hukataa A kwa kuwa inaitwa ya wazee, nao ndio wanaopiga mpira chini na kulia mchana kutwa. Seti "ya kike" nayo ni jina la dukani. Mwanamke mrefu mwenye kasi anaweza kuhitaji R ya chuma chepesi na urefu wa kawaida.

Sasa soma matokeo kwa makini. Tuseme umejaribu shafti mbili, mipira mitano kila moja, kwa mita. Ya kwanza: 138, 141, 137, 140, 139. Ya pili: 151, 129, 146, 120, 149. Wastani wa zote mbili ni 139. Ya kwanza inatofautiana kwa mita 4, ya pili kwa mita 31. Ile 151 ndiyo utakayoikumbuka ukiwa njiani kurudi nyumbani, na ndiyo ambayo muuzaji atakusifia. Lakini ile 120 ndiyo itakayoangukia majini. Mwombe fundi aonyeshe picha ya mtawanyiko wa mipira kwenye skrini, na uchague duara dogo.

Usipige zaidi ya mipira 80 au 90 kwa kikao. Kasi ikianza kushuka, kila fimbo itakayofuata itaonekana mbaya bila kosa lake. Fundi mzuri mwishoni hukurudishia fimbo iliyoshinda pamoja na yako ya zamani, kwa zamu, kuona kama ushindi ni wa kweli au ulikuwa mwili uliokwisha kupata moto.

Draiva, weji na puta

Kosa la kawaida kwenye draiva ni lofti ndogo. Mtu wa maili 85 kwa saa ananunua digrii 9 kwa kuwa nyota wa runinga anayo, na mpira unaondoka chini, hauna muda wa kuruka. Mpe 10.5 au 12. Lengo ni mpira kuondoka kwa digrii 13 hadi 16 na spini ya mizunguko 2,300 hadi 3,000 kwa dakika. Draiva za kurekebishwa zina skrubu shingoni, na bisibisi yake hulia "ka" inapokaza vya kutosha. Ukiongeza lofti kwa njia hiyo uso nao hufunga kidogo, yaani hugeukia kushoto kwa anayepiga mkono wa kulia, kwa hiyo mwenye kosa la kushoto aangalie hilo kabla ya kushangilia urefu wa mpira.

Kwa aironi angalia pembe ya kutua. Namba 7 ikitua kwa digrii 45 mpira husimama kwenye grini. Chini ya 40, hata ukifika grini utapitiliza. Seti nyingi za kisasa zina lofti kali, yaani ndogo, ili zionekane zinaruka mbali, kisha mtu anashangaa kwa nini kati ya weji ya kwanza na ya pili kuna pengo la mita 25. Panga lofti za weji zikiachana kwa digrii 4 hadi 6, ukianzia kwenye lofti halisi ya weji ya seti yako. Kanuni zinaruhusu fimbo 14, basi, na mapengo ndiyo yaamue ipi ibaki nyumbani.

Baunsi ya weji, yaani uvimbe wa kitako unaozuia fimbo kuzama, haipimiki kwenye zulia la mazoezi. Fimbo iliyogonga nyuma ya mpira huteleza juu ya zulia na mpira unaruka vizuri, wakati kwenye nyasi ingezama. Omba upige weji nje. Mchanga laini wa banka na ardhi ya masika hutaka baunsi ya digrii 10 au zaidi. Ardhi kavu iliyokauka hutaka ndogo. Nyasi ya kikuyu inayotumika viwanja vingi vya nyanda za juu hushika shingo ya fimbo na kufunga uso, na hilo huwezi kuliona chumbani.

Puta hupuuzwa na ndiyo inayotumika karibu kila shimo. Za dukani ni inchi 34 au 35, na wengi wanahitaji 33. Simama kwenye mpira, angusha mpira mwingine kutoka kwenye jicho la kushoto. Ukiangukia nje ya mpira, upande wa mbali na miguu yako, umeinama mno au puta ni fupi. Ukiangukia karibu sana na miguu, ni ndefu.

Nairobi si Dar

Nairobi iko kama mita 1,700 juu ya usawa wa bahari. Hewa ni nyepesi, mpira hukutana na upinzani mdogo na spini hupata hewa kidogo ya kushikilia. Huruka mbali zaidi, hupinda kidogo na hutua kwa pembe iliyolala. Aironi ya mita 140 Dar es Salaam au Mombasa hufika 150 na kitu Nairobi. Arusha na Kampala ziko katikati. Mashine nyingi zinaweza kuwekwa zionyeshe matokeo kana kwamba uko usawa wa bahari. Uliza imewekwaje, na usilinganishe namba za vikao viwili kabla ya kujua. Mchezaji wa pwani anayepimiwa Nairobi bila marekebisho hayo atarudi na mapengo ya umbali yasiyo yake.

Kumpata fundi

Anza na pro, yaani mwalimu wa klabu yako, na uulize wachezaji wa handikapu ndogo, wale wazuri, nani alikunja aironi zao. Kampuni kubwa huleta siku za majaribio kwenye klabu mara kwa mara. Ni nafasi nzuri ya kugusa vichwa vingi, lakini dakika 20 na chapa moja si kupimiwa. Anayepita Dubai, Johannesburg au London anaweza kuweka miadi huko, mradi ajue atakayezikunja akirudi nyumbani.

Mpigie simu kwanza. Muulize kikao ni muda gani, ada ni kiasi gani na kama inakatwa kwenye bei ukinunua. Muulize kama ana vichwa na shafti za kampuni zaidi ya moja. Muulize nani anazitengeneza fimbo, na kama ana mashine ya kukunjia pale alipo. Muulize kama atazipima upya zikifika kutoka kiwandani. Swali la mwisho ndilo linalomtenganisha fundi na muuzaji, kwa sababu kiwanda huruhusu kosa la digrii moja hivi kwa kila fimbo. Namba 8 ikiwa imezidi digrii moja na namba 9 imepungua moja, pengo la digrii 4 limebaki 2, nawe utakuwa na fimbo mbili za umbali mmoja.

Ondoka kwa adabu ukiona anakupa mipira mipya kwenye fimbo yake na michakavu kwenye yako, anafuta mapigo yako mabaya tu pale fimbo yake inapohusika, anageuza skrini usiione, au kila mteja anatoka na shafti ile ile ya bei ya juu. Anayekuambia "zako zinakufaa, badilisha gripu tu" mrudie na umpelekee wenzako.

Karatasi ya mwisho

Usitoke bila maandishi ya kila fimbo: urefu, lofti, lai, jina la shafti na uzito wake, ugumu, aina ya gripu na idadi ya tabaka za utepe chini yake, na ule uzito wa D. Tabaka za utepe zina maana. Mbili za ziada chini ya gripu ya kawaida hunenepesha vya kuhisiwa, na fundi mwingine asiyejua atakubadilishia gripu na kukurudishia fimbo usiyoitambua.

Fimbo zikifika, zipime kabla ya kulipa salio. Weka kila fimbo kwenye lai yake, kitako sakafuni, futi nyuma ya kisigino hadi mwisho wa gripu. Tofauti kati ya fimbo moja na inayofuata iwe nusu inchi. Kisha rudia mstari wa kalamu kwenye namba 5, 7 na 9.

Gripu zikianza kung'aa zimekwisha. Kwa joto na jasho la pwani huwahi, hasa zikilala kwenye buti la gari. Aironi zilizofuliwa hulegea pembe kwa kupigwa kwenye zulia gumu, hivyo zipelekwe kwenye geji mara moja kwa mwaka, na karatasi ile iwe mkononi ili fundi ajue za kurudishia wapi.